Kotisoli inapozidi: homoni ya tezi za adrenali na athari zake kwa ubongo

Kila tunapozungumzia msongo wa mawazo katika vipindi vyetu vya afya, maswali ya aina moja hurudi. Mama analalamika kwamba siku hizi anasahau sufuria jikoni mpaka chakula kinaungua. Mwanafunzi anasema alisoma mwezi mzima, lakini alipoingia chumba cha mtihani hakukumbuka kitu. Mwingine ana mzee nyumbani aliyebadilika tabia baada ya kutumia vidonge vya maumivu kwa miezi kadhaa, na majirani wameshaanza kusema amerogwa. Mambo haya hayana sababu moja. Hata hivyo, ipo homoni moja inayoweza kuhusika katika yote matatu, nayo ni kotisoli.

Katika makala hii tunaeleza kotisoli ni nini, inatoka wapi, inafanya nini ndani ya ubongo, na nini hutokea inapozidi. Tunatenganisha pia mambo ambayo utafiti umeyaonyesha wazi na yale ambayo bado yanachunguzwa. Tunafanya hivyo kwa sababu wapo watu wanaowatisha wengine kwa jina la kotisoli, kisha wanawauzia vidonge vya "kuishusha".

Tezi mbili ndogo juu ya figo

Kila binadamu ana tezi mbili za adrenali, moja juu ya kila figo. Ni ndogo sana: kila moja ina uzito wa takriban gramu 4 hadi 5. Tezi hizi zina sehemu mbili zinazofanya kazi tofauti. Sehemu ya ndani hutoa adrenalini, ile inayofanya moyo udunde kwa kasi mbwa anapokurukia ghafla. Sehemu ya nje, yaani gamba la tezi, hutoa homoni kadhaa, na mojawapo ni kotisoli.

Adrenalini hufanya kazi kwa sekunde na dakika. Kotisoli huja nyuma yake na hukaa muda mrefu zaidi. Huuambia mwili utoe sukari iliyohifadhiwa ili misuli na ubongo vipate nguvu, husaidia kushikilia shinikizo la damu lisianguke, na hutuliza mfumo wa kinga usiwake kupita kiasi. Mtu asiyekuwa nayo kabisa hawezi kuishi. Mtu ambaye tezi zake za adrenali zimeharibika, kwa mfano kwa kifua kikuu kilichosambaa, anaweza kufa kwa homa au kuhara kwa kawaida, kwa sababu mwili wake unashindwa kupandisha kotisoli inapohitajika.

Kwa hiyo kotisoli si sumu. Hata mtu mwenye afya njema haibaki katika kiwango kimoja. Hupanda alfajiri, hufikia kilele muda mfupi baada ya kuamka, hushuka taratibu mchana, na huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku. Kupanda na kushuka huku ndiko kunakoufanya mwili ujue wakati wa kazi na wakati wa kupumzika.

Nani anaiamuru tezi?

Tezi za adrenali hazijiamulii zenyewe. Amri huanzia kwenye ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi. Sehemu hiyo hutuma ujumbe kwa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa njegere. Pituitari nayo hutuma homoni yake kwa njia ya damu hadi kwenye tezi za adrenali, na hapo kotisoli hutolewa.

Kotisoli ikiwa imetosha, ubongo huihisi na kupunguza amri. Tunaweza kulinganisha na boya la tangi la maji. Maji yanapojaa, boya huinuka na kufunga koki. Yanaposhuka, boya hushuka na koki hufunguka. Tatizo huanza boya linapokwama. Linaweza kukwama kwa sababu kuna uvimbe unaotoa amri bila kukoma, au kwa sababu mtu anajaza tangi kwa ndoo kutoka nje, yaani kwa dawa. Tatu, msongo wa maisha unaweza kuifanya koki ifunguliwe mara kwa mara pasipo kupumzika.

Kwa nini kumbukumbu huguswa mapema?

Mwaka 1968 mtafiti Bruce McEwen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba homoni ya panya inayofanana na kotisoli, ikichomwa mwilini, hujikusanya kwa wingi katika sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi. Ugunduzi huo uliwashangaza wengi, kwa sababu hipokampasi haikufikiriwa kuwa na uhusiano na homoni za tezi za juu ya figo. Ni sehemu inayotuwezesha kuweka kumbukumbu mpya: jina la mgeni uliyemwona leo, mahali ulipoweka funguo, njia ya kurudi nyumbani kutoka mtaa usioujua.

Seli za hipokampasi zina vipokezi vya aina mbili vya kotisoli. Aina ya kwanza huishika kotisoli kwa urahisi, hata ikiwa kidogo. Aina ya pili huanza kujaa pale tu kotisoli inapokuwa nyingi. Ikiwa kiasi ni cha wastani, mtu huwa macho na hushika mambo vizuri. Ndiyo maana wasiwasi kidogo kabla ya mtihani au mahojiano ya kazi unaweza kusaidia. Vipokezi vya aina ya pili vinapojaa kwa muda mrefu, kazi ya kuweka kumbukumbu mpya hudhoofika. Matawi ya seli za neva, ambayo ndiyo njia za mawasiliano kati ya seli na seli, hufupika. Uzalishaji wa seli mpya katika sehemu hiyo pia hupungua, kama ilivyoonekana kwa wanyama wa maabara.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotumika kupanga, kuzuia hasira na kubadili mawazo kutoka jambo moja kwenda lingine, nayo huathirika. Amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu, yenyewe huelekea kuwa na nguvu zaidi. Ndiyo sababu mtu mwenye kotisoli nyingi anaweza kuwa msahaulifu, mwepesi wa kukasirika na mwenye hofu, yote kwa wakati mmoja. Ndugu zake huona tabia mpya, wala hawaoni ugonjwa.

Ugonjwa wa Cushing: ushahidi ulio wazi zaidi

Ili kujua kotisoli nyingi inaufanya nini ubongo wa binadamu, madaktari wamejifunza mengi kutoka kwa wagonjwa wa Cushing. Jina hilo linatokana na Harvey Cushing, daktari wa Marekani wa upasuaji wa ubongo, aliyeeleza hali hiyo mwaka 1912 na kisha mwaka 1932 akaihusisha na uvimbe mdogo wa tezi ya pituitari. Leo inajulikana kwamba kati ya wagonjwa ambao kotisoli yao inazidi kutoka ndani ya mwili, takriban saba katika kumi wana uvimbe wa pituitari. Wengine wana uvimbe kwenye tezi yenyewe ya adrenali, au mahali pengine mwilini.

Ni ugonjwa adimu, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Uso huwa wa duara na mwekundu au mweusi kuliko kawaida, tumbo hunenepa huku mikono na miguu ikikonda, na mafuta hujikusanya nyuma ya shingo. Ngozi huwa nyembamba na huvilia damu kwa urahisi. Michirizi mipana ya rangi ya zambarau hutokea tumboni. Mtu hupata tabu kuinuka kwenye kiti au kupanda ngazi. Shinikizo la damu na sukari hupanda.

Pamoja na hayo yote, wengi hulalamikia akili. Husoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuelewa, husahau mazungumzo ya asubuhi, hulia bila sababu, hukosa usingizi. Dr Monica Starkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipima ubongo wa wagonjwa 12 kwa picha za MRI na kutangaza matokeo mwaka 1992. Waliona kwamba wagonjwa wenye hipokampasi ndogo ndio waliofanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu, na kwamba kotisoli ikiwa juu zaidi hipokampasi huwa ndogo zaidi.

Mwaka 1999 kundi hilo lilitoa matokeo mengine. Wagonjwa 22 walipigwa picha kabla ya matibabu na baada yake. Kotisoli iliposhuka, hipokampasi iliongezeka ukubwa, kwa wastani wa asilimia 3 hivi, na kwa baadhi yao hadi asilimia 10. Jambo hili ni muhimu sana. Linaonyesha kwamba kupungua kwa ubongo katika hali hii si lazima kuwe kufa kwa seli. Sehemu kubwa inaweza kuwa matawi yaliyofupika, nayo yakipewa nafasi hukua tena.

Kotisoli inayotoka dukani

Katika maisha ya kawaida, sababu kubwa zaidi ya dalili za Cushing duniani ni dawa, wala si uvimbe. Dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni zimetengenezwa kufanya kazi ya kotisoli, nyingine kwa nguvu kubwa zaidi kuliko kotisoli yenyewe. Zimeokoa maisha ya watu wengi wenye pumu kali, baridi yabisi, magonjwa ya kinga na uvimbe wa ubongo. Waliogundua homoni hizi na matumizi yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950.

Lakini dozi kubwa hugusa akili. Utafiti uliofanywa Boston na kuchapishwa mwaka 1972 ulifuatilia wagonjwa wa hospitali waliopewa prednisoni. Kati ya waliotumia miligramu 40 au pungufu kwa siku, asilimia 1.3 walipata matatizo ya akili. Kwa waliotumia zaidi ya miligramu 80, idadi ilifika asilimia 18.4. Matatizo hayo yanaweza kuwa furaha iliyopitiliza, huzuni nzito, kuchanganyikiwa au kusikia sauti ambazo hazipo. Mzee tuliyemtaja mwanzoni, anayesemwa amerogwa, anastahili kwanza kuulizwa amekuwa akimeza dawa gani.

Swali hilo lina uzito wake hapa kwetu. Deksamethasoni na prednisoloni huuzwa mahali pengi bila cheti cha daktari. Mjini Kinshasa watafiti wameandika kuhusu wanawake wanaomeza deksamethasoni pamoja na dawa nyingine ili wanenepe. Krimu na mikorogo ya kung'arisha ngozi nayo huweza kuwa na klobetasoli, steroidi yenye nguvu sana. Mtu akijipaka mwili mzima kila siku kwa miaka, dawa hupenya kwenye damu. Madaktari wa Dakar, Senegal, wameeleza wanawake waliopata dalili za Cushing, kisukari na shinikizo la damu kutokana na krimu za namna hiyo. Aidha, baadhi ya dawa za maumivu ya viungo zinazouzwa kama za asili zimewahi kupimwa na kukutwa zimechanganywa na steroidi. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu ya ajabu katika siku mbili za kwanza.

Hapa tunatoa onyo moja ambalo tungependa kila msomaji alishike. Mtu aliyetumia steroidi kwa wiki nyingi asiziache ghafla kwa sababu ya kusoma makala hii. Dawa inapoingia kutoka nje, tezi za adrenali hulala. Dawa ikikatwa kwa siku moja, mwili hubaki bila kotisoli kabisa: mtu hutapika, huishiwa nguvu, shinikizo la damu huanguka, na anaweza kufa. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari. Hii inawahusu pia waliotumia krimu kali kwa muda mrefu.

Je, msongo wa maisha nao hufanya hivyo?

Swali hili ndilo gumu, na sehemu ya majibu yake ilitafutwa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1978 mwanasayansi wa Marekani Robert Sapolsky alifuatilia makundi ya nyani katika eneo la Maasai Mara, Kenya. Aliwalaza kwa mishale ya dawa ya usingizi na kuwapima damu. Katika kundi lenye utulivu, madume wa daraja la chini, wanaofukuzwa na kunyang'anywa chakula kila siku, walikuwa na kotisoli ya juu hata wakiwa wamepumzika. Pale ambapo vyeo viligombaniwa na hakuna aliyejua nani mkubwa, hata wakubwa walipanda.

Mwaka 1989 Sapolsky na wenzake, wakiwemo watafiti waliokuwa Kenya, walieleza habari za tumbili waliokufa kwenye kituo cha utafiti nchini humo. Tumbili hao walikuwa wa daraja la chini, na walikuwa na alama za kuumwa na wenzao. Walikutwa na vidonda vya tumbo, tezi za adrenali zilizokua, na uharibifu wa seli za hipokampasi. Ulikuwa ni msongo uliokithiri, usio na mahali pa kukimbilia, na hatuwezi kusema kwamba kila mtu mwenye madeni au bosi mkali atafikia hapo.

Kwa binadamu ushahidi ni wa tahadhari zaidi. Katika mji wa Framingham, Marekani, ambako wakazi wamekuwa wakichunguzwa kiafya tangu mwaka 1948, watafiti waliwaangalia watu 2,231 wenye wastani wa umri wa miaka 48. Matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba wenye kotisoli ya juu asubuhi walifanya vibaya kidogo kwenye majaribio ya kumbukumbu, na ubongo wao ulikuwa mdogo kidogo, hasa kwa wanawake. Huo ni uhusiano tu. Haujathibitisha kwamba kotisoli ndiyo iliyosababisha, kwa kuwa usingizi mbaya, ugonjwa au huzuni vinaweza kuvuta vyote viwili kwa pamoja. Mjini Montreal, Kanada, utafiti wa mwaka 1998 uliwafuatilia wazee kwa miaka kadhaa. Wale ambao kotisoli yao ilikuwa juu na ikaendelea kupanda walikuwa na hipokampasi ndogo kwa asilimia 14 kuliko wenzao.

Na yule mwanafunzi wa mtihani? Mwaka 2009 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya wanafunzi wa udaktari waliokuwa wamekaa mwezi mzima wakijiandaa kwa mtihani mkubwa. Uwezo wao wa kuhamisha umakini kutoka jambo moja kwenda lingine ulikuwa umepungua, na mawasiliano ya sehemu ya mbele ya ubongo yalikuwa yamevurugika. Walipopimwa tena baada ya mwezi mmoja wa mapumziko, tofauti ilikuwa imetoweka.

Ubongo hurudi, lakini pengine si wote

Ukiunganisha habari hizi utaona jambo moja linajirudia: kotisoli ikishuka, ubongo hujaribu kurudi. Watu wazima wenye afya waliopewa dozi kubwa ya kotisoli kwa siku nne, katika utafiti wa mwaka 1999, walipoteza sehemu ya uwezo wa kukumbuka maneno, kisha uwezo huo ukarudi ndani ya siku chache baada ya kuacha.

Hata hivyo, hatupaswi kuahidi kupita kiasi. Baadhi ya waliopona Cushing huendelea kulalamikia uchovu na kumbukumbu hafifu miaka mingi baadaye, ingawa vipimo vyao vya damu ni vizuri. Kadiri ubongo unavyokaa muda mrefu chini ya kotisoli nyingi, ndivyo safari ya kurudi inavyokuwa ndefu. Ndiyo sababu kuchelewa kumpeleka mgonjwa hospitali, kwa kudhani ni uzee, uvivu au mkono wa mtu, kuna gharama.

Lini umwone daktari?

Kusahau peke yake mara nyingi hutokana na mambo mengine: usingizi mdogo, upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona, pombe, sukari, au dawa nyingine. Hayo yote yanafaa kupimwa. Fikiria kotisoli hasa pale usahaulifu au mabadiliko ya tabia yanapoambatana na dalili za mwili tulizotaja: uso wa duara, michirizi ya zambarau, udhaifu wa mapaja, kuvilia damu, shinikizo au sukari iliyopanda kwa mtu mwenye umri mdogo.

Unapokwenda, beba kila unachomeza, unachovuta na unachojipaka, hata kile ulichonunua kwa mama muuza dawa za asili sokoni. Usione haya kutaja krimu. Daktari akishuku, kipimo kimoja cha damu cha mchana hakitoshi, kwa sababu kotisoli hubadilika saa kwa saa. Hutumika mkojo wa saa 24, mate ya usiku wa manane, au kidonge kimoja cha deksamethasoni saa tano usiku na damu kupimwa asubuhi yake, kuona kama tezi zinatii amri ya kunyamaza.

Kwa wale ambao tatizo lao ni msongo wa kawaida, hakuna kidonge cha kushusha kotisoli tunachoweza kukupendekezea. Vilivyo na ushahidi ni vitu vya kila siku. Usingizi wa kutosha wa usiku ni wa kwanza, kwa sababu usiku ndipo kotisoli inapaswa kuwa chini. Mazoezi ya wastani ni ya pili. Katika utafiti wa mwaka 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Waliotembea kwa dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja walipata ongezeko la asilimia 2 la hipokampasi, huku kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ikiendelea kupungua. La tatu ni kutobeba mzigo peke yako. Mwenye msiba, deni au ugomvi wa muda mrefu nyumbani anahitaji mtu wa kuzungumza naye, awe jamaa, kiongozi wa dini au mshauri nasaha.

Na kama nyumbani kwako yupo mtu ambaye amebadilika, usianze na lawama. Anza na maswali mawili: ametumia nini, na tangu lini? Majibu yake mwandikie kwenye karatasi, na karatasi hiyo mpeleke nayo kwa daktari.